Kifuniko Nilichokifunga Mimi

Atupele mwanangu,

Barua huanza kwa kujuliana hali. Yako naijua, maana leo asubuhi nimekuona ukitoka bombani na ndoo kichwani, unaimba kwa sauti ya chini kama mtu asiye na safari. Yangu utaijua ukisoma. Umekwenda Busale kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua dada yangu, hatakuruhusu uondoke mpaka ule wali mara mbili, kwa hiyo mchana wote ni wangu. Nimekaa kwenye benchi la karakana. Naandika kwa penseli ya kuchorea mbao kwa sababu kalamu zote za nyumba hii umeshazifungasha.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, wala za kuamka mapema, wala za kuishi na binamu yako huko Makambako na duka lake la vitenge. Shangazi yako anakueleza hayo sasa hivi, tena kwa kunyoosha kidole. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo misimu miwili ya mpunga, na kila nilipotaka kulitoa nililirudisha ndani.

Jana kuku walikuwa wanalichezea begi lako pale barazani, nikaliinua nilitie ndani. Lilikuwa zito. Nguo haziwi nzito vile. Nilifungua zipu, unisamehe kwa hilo nalo, nikaiona khanga ya mama yako, na ndani ya khanga ile mbao ya mvule. Mimi nilidhani uliichoma zamani. Kumbe muda wote huu umeitunza chini ya kitanda, na sasa unaipeleka Makambako. Nilikaa chini pale pale, mtu mzima na mvi zangu, nikalia mpaka jirani akauliza ng'ambo ya uzio kama kuna msiba. Nikamwambia moshi umeniingia machoni. Hata hapo nilidanganya.

Upande wako wa habari ya mbao hiyo unaujua. Upande wangu huujui, na ndio wenye kasoro.

Unakumbuka mashine yako ya kuchonga mbao ilivyofika? Ilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, vipande vipande kwenye maboksi matatu, na mama yako ndiye aliyenilazimisha niondoe mbao zangu kwenye ile pembe ya karakana upate nafasi. "Mpishe mtoto," alisema, nami nikampisha huku nimenuna. Nimetengeneza milango ya nusu ya Ngana kwa patasi na randa, sikuona kwa nini mota tatu na kompyuta zije kunifundisha mbao. Ukawa unanieleza kwa subira: mota hii inakwenda kushoto na kulia, hii mbele na nyuma, na ya tatu, Zedi, ndiyo inayopandisha na kushusha biti inayokata. Wiki ya kwanza, kabla hujanieleza hayo, nilidhani Zedi ni mtu. Nilikusikia ukimwambia rafiki yako kwenye simu, "Leo nimeshinda na Zedi mpaka giza limeingia," nikamwendea mama yako kumuuliza huyo Zedi ni kijana wa wapi na wazazi wake ni akina nani. Mama yako alicheka mpaka akashika ukuta.

Siku tulipoiunganisha ulifunga kila kitu kwa mkono wako, kila nati na kila waya. Kazi moja tu ulinipa mimi. Kwenye Zedi kuna skrubu ndefu iliyosimama, na juu yake nati ya shaba inayopanda na kushuka, na nati hiyo inazibwa na kifuniko cha bati. Ulinipa spana ukasema, "Hiki kifunge wewe, baba, una nguvu, hakitalegea." Nikakifunga. Ukaongeza, na hili nalikumbuka neno kwa neno, "Humu hamuingii mafuta ya jikoni. Ina mafuta yake, nimeyaagiza." Nikaitikia kama ninavyoitikia kanisani wakati akili iko shambani.

Kisha ukaanza kuchonga vibao. Cha kwanza kilikuwa cha mama mmoja wa Busale, jina la mgahawa wake. Alikipokea kwa mikono miwili, akakushukuru kwa "Ndaga fijo" mara tatu, na mimi nimesimama pembeni na kiti nilichomtengenezea, hata hakukitazama. Nilicheka pamoja na watu. Ndani iliniuma vibaya. Baada ya hapo watu wakawa wanaingia uani wanauliza, "Atupele yupo?" Fundi wa miaka thelathini mimi, nimekuwa wa kuwaonyesha watu mtoto wangu alipo. Naona aibu kuandika, lakini nisipoandika utadhani yaliyofuata yalikuwa ajali tu. Nilikuonea wivu, Atupele. Wewe, mtoto niliyekubeba mgongoni maji yalipojaa barabarani.

Halafu mama yako akaugua, na mwezi wa nne, maji yakiwa yamesimama mashambani, tukamzika. Mwezi wa sita tukapanga siku ya kuweka msalaba. Ile mbao ya mvule nilikuwa nimeitunza miaka mingi kwa ajili ya mlango wa mbele alioniomba, mlango ambao sikuwahi kumtengenezea. Fundi milango, na mke wake alikufa anafungua mlango wa bati. Ukasema utachonga jina lake juu ya mbao hiyo. Nilikubali kwa moyo wote, hilo niamini. Ila nami nilitaka niwe na sehemu yangu katika kazi ile, na wewe hukuniomba kitu.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, ulipokuwa unawapokea wajomba zako kutoka Ngana, niliingia karakana peke yangu. Nikaigusa skrubu ya Zedi, nikaiona kavu. Haikuwa kavu, sasa najua, ila macho yangu yalikuwa yanatafuta kazi. Nikafungua kile kifuniko. Nikaenda jikoni nikachukua mawese, yale yaliyobaki kwenye chupa ya mwisho aliyokamua mama yako mwenyewe, nikayapasha moto kidogo, nikayamimina kwenye nati. Msumeno wangu, randa yangu, bawaba za milango ya watu, vyote nimevipaka mawese maisha yangu yote na havijawahi kulalamika. Nikarudisha kifuniko, nikakaza. Nikafuta kwa nje ili usione. Kama nisingefuta, leo ningeweza kukuambia nilikusudia wema na kuishia hapo.

Mtu yeyote wa Kyela anayajua mawese ya mwezi wa sita. Chupa inaganda usiku, asubuhi unaiweka kando ya jiko ndipo upate cha kupikia. Nilijua hilo kwa mboga. Kwa mashine halikunijia kabisa. Ndani ya ile nati mawese yalichanganyika na vumbi la mbao, baridi ikayashika, yakawa mazito kama uji uliolala. Mota ya Zedi ikiambiwa panda milimita tano, inajikongoja, inapanda nne na kitu, nayo inaamini imepanda tano. Ikiambiwa shuka, inashuka tano zote, maana uzito wake wenyewe unaisaidia. Kwa hiyo kila herufi inachongwa chini kuliko iliyotangulia, na kompyuta inaonyesha kila kitu ni sawa. Haya nimeyajua baadaye. Siku ile sikujua lolote, ila nilijua nimefungua kifuniko.

Ulianza saa kumi na mbili asubuhi. Uliweka karatasi juu ya mbao, ukaishusha biti polepole huku unaivuta karatasi, mpaka ikashikwa kidogo tu, ukasema, "Hapo." Nilikutazama mkono. Ulikuwa umetulia kuliko wangu. S ikatoka safi, na U ikatoka safi. Mjomba wako Ambakisye, kaka mkubwa wa mama yako, alisimama akasema hajawahi kuona jina la dada yake likiwa zuri hivyo. Hapo ndipo nikakuita ukawape wageni chai. Ulinikatalia. Ulisema, "Baba, siwezi kuiacha peke yake." Nikakuambia, tena kwa kejeli, si inajiendesha yenyewe hiyo. Ukaenda, kwa sababu wewe ni mtoto unayetii.

Uliporudi B ilikuwa imenenepa, na herufi zilizofuata zilizidi kunenepa na kuzama. Ulikimbia ukabonyeza kitufe cha kusimamisha, lakini ilikuwa imeshafika A ya mwisho na biti imetokea upande wa pili wa mbao. SUBILAGA, na tundu mwishoni. Mbao nyingine ya mvule haikuwepo.

Nilichosema unakijua, ila nitakiandika, maana nisipokiandika nitakuwa nimekificha tena. Nilisema mbele ya wajomba zako wote, "Huyu hana mkono. Mama yake amekufa mara moja, yeye ameona haitoshi." Ambakisye akasema, "Shemeji, ni mbao tu hiyo. Acha." Sikuacha. Nikaongeza kwamba umeiacha kazi ya marehemu ukaenda kwenye chai. Ulichukua ufagio ukafagia vumbi lote mpaka sakafu ikawa safi, kisha ukaondoka na mbao kifuani. Mimi nikachukua kipande cha paina, nikaandika jina lake kwa rangi na brashi. Ndicho kilichopo pale kaburini mpaka leo, na mvua imeshakula nusu ya herufi.

Na nikuambie kitu kibaya zaidi. Nilipokuwa napaka ile rangi, na watu wamenizunguka wananitazama mimi, kuna mahali ndani yangu palifurahi. Siku ya msalaba wa mke wangu. Nimeliombea toba hilo mara nyingi, lakini sijawahi kumwambia mtu.

Wiki iliyofuata uliitafuta kasoro. Nilikuwa naranda mbao upande wa pili wa karakana, najifanya sikuoni. Ulichora mstari kwa kalamu pale mota inaposhikana na skrubu, uone kama inateleza. Haikuteleza. Ukaangalia kama biti inachomoka kwenye kishikio chake, ukaikaza, ukajaribu, haikuwa hiyo. Ukapima kama meza imelala sawa. Ukapunguza mwendo wa kupanda, ukaiongezea mota nguvu, ukasafisha reli zote kwa kitambaa. Kila kitu ukakiandika kwenye daftari. Mara moja ulinigeukia ukasema, "Baba, cha ajabu inakosea asubuhi tu. Ikifika saa sita mchana inakata vizuri." Ulikuwa umelishika jibu mkononi, mwanangu. Ungekuwa na baba mkweli ungelimaliza siku hiyo hiyo. Mimi nilisema, "Mashine za watu hizo," nikaendelea kuranda.

Ulifungua kila kitu isipokuwa kifuniko kimoja. Baadaye nilijiuliza sana kwa nini, na jibu nililipata siku nilipolisoma daftari lako. Uliandika orodha ya vyote ulivyovifunga wewe mwenyewe, ukavikagua kimoja kimoja. Mwishoni ukaandika, "Kifuniko cha nati: alifunga baba, kiko sawa." Hukukigusa kwa sababu kilikuwa kazi yangu. Chini yake uliandika, "Asubuhi inazama. Mchana sawa. Sababu?" Halafu mstari wa mwisho, kwa herufi ndogo, "Labda ni mimi."

Haikuwa wewe. Hata kidogo.

Daftari nililisoma mwezi wa nane. Ulikuwa umeshaifunika mashine kwa kitenge na kuacha kuingia karakana. Nilitaka kuisogeza nipate nafasi ya mbao zangu, nikaishika skrubu ya Zedi kwa vidole nikaizungusha. Ilikuwa asubuhi. Iligoma. Nikafungua kifuniko changu, nikakuta ndani gundi ya rangi ya chungwa iliyojaa vumbi la mvule, na harufu ya jiko la mama yako. Nilisafisha kwa mafuta ya taa, nikafuta, nikatia yale mafuta yako uliyoyaagiza. Ikapanda na kushuka kwa kidole kimoja. Daftari lako lilikuwa pale pale chini ya kitenge, nikalisoma lote. Kisha nikairudishia kitenge vile vile kama ulivyokikunja, usijue kama kuna mtu ameigusa.

Nilijiambia nitakuambia Jumapili. Jumapili zikapita.

Mwezi wa tisa ikaja barua ya kukubaliwa chuo cha ufundi, nafasi ile uliyoiomba mama yako akiwa hai. Ulinikuta hapa hapa nilipokaa. Ulikuwa umeishika, ukasema bila hasira yoyote, "Siendi, baba. Mkono sina." Neno langu mwenyewe, ulilichukua na kulivaa. Nami nilikuwa najua. Wiki tatu nilikuwa najua. Kinywa kilifunguka, nikasema, "Sawa." Basi, hilo tu. Nikakutazama ukienda jikoni, nikakusikia unapasua karatasi, na moto ukashika.

Katika maisha yangu nimeharibu mbao nyingi. Nimewahi kukata mlango mfupi nikamwambia mwenye nyumba kwamba kizingiti chake ndicho kirefu. Nilipokuwa najifunza, fundi wangu alivunja patasi akasema nimeivunja mimi, na nilikula bakora, na niliapa sitakuwa mtu wa namna hiyo. Nilidhani nimetimiza kwa sababu sikuwahi kukuchapa. Ukifika umri wangu utagundua kwamba mtu anaweza kukaa miaka anajihesabu mwema kwa lile asilolifanya. Yote hayo naweza kuyabeba. Ile "sawa" siiwezi. Ndiyo inayonitoa usingizini.

Sikuandikii ili ubaki. Makambako nenda, kama ndiko moyo wako unakotaka. Kuuza vitenge ni kazi ya heshima na binamu yako ni mtu mzuri. Lakini nisikilize, usiende kwa sababu yangu. Usikae nyuma ya meza ya duka miaka ishirini ukidhani ulishindwa na jina la mama yako, wakati lililoliharibu ni mawese na mdomo wa baba yako. Na huko uendako, kitu kikikataa kufanya kazi, mashine au ndoa au chochote, wewe una tabia ya kuanza kujikagua mwenyewe. Ni tabia nzuri, umeirithi kwa mama yako. Ila usiishie hapo. Fungua na vile walivyovifunga watu unaowapenda. Fungua na vyangu.

Mbao iliyo kwenye begi siwezi kukuambia uifanyeje. Ukitaka kuiacha, nitaipokea na nitaitunza. Ukitaka kwenda nayo, nenda nayo, ila iwe kwa sababu ni jina la mama yako na S na U zake ni nzuri. Isiwe ushahidi wa kosa ambalo hukulifanya.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuichomeka barua hii ndani ya khanga, uikute ukishafika. Nilikuwa nimeshapanga hata niikunje vipi. Kisha nikaona naifanya kazi ile ile ya kufuta kwa nje. Kwa hiyo nimempigia simu mjomba wako Ambakisye, nimemwambia aje tule pamoja jioni hii, kuna jambo ninalodaiwa na mtoto. Yeye alilisikia lile neno, na hili atalisikia kwa kinywa changu, na Jumapili nitawaendea Ngana wale wengine, mmoja mmoja. Wewe nitakupa hii mkononi. Nitakaa mbele yako unaposoma. Usinihurumie haraka. Ukinyamaza, nitakaa na kimya chako. Kesho begi nitakubebea mimi mpaka stendi, hata kama hutaki kutembea karibu nami.

Mkono unao, Atupele. Ulikuwa nao asubuhi ile, nami nilikuwa nautazama.

Nakusikia umeingia uani. Unamsalimia jirani, na sasa unaniuliza kwa mbali kama nimekula.

Sijala, mwanangu. Naja.

Baba yako